Mkebe, Konzi na Kilo



Mgeni akifika Bukavu na kuuliza sokoni bei ya kilo moja ya maharagi, atajibiwa, ila mara nyingi muuzaji atafikiri kwanza. Akiuliza bei ya Guigoz moja, atajibiwa kabla hajafunga mdomo. Guigoz ni mkebe. Ulitufikia ukiwa umejaa maziwa ya unga ya watoto wachanga, na juu yake jina la Maurice Guigoz, Mswisi aliyeanza kuyatengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Maziwa yaliisha, mkebe ukabaki, ukageuka kipimo cha maharagi, cha mchele, cha mahindi na cha unga wa mihogo. Leo yuko mtoto anayeweza kukutajia bei ya Guigoz tatu za unga bila kujua kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, wala kwamba lilikuwa la maziwa.

Kwa miaka mingi nimekuwa mpishi katika kambi na mafungo ya vijana wa parokia. Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wale wanaonisaidia kumenya na kuchochea moto ni hili: mbona shuleni tunafundishwa gramu na lita, na jikoni hakuna anayezitumia? Baadhi huuliza kwa dharau kidogo, kana kwamba mama zao wamechelewa kuingia katika karne yao. Wengine huuliza kwa majivuno ya upande wa pili: vipimo vya wazungu ni vya nini, nasi tuna mikono? Nimelibeba swali hilo kutoka kambi hadi kambi, nami naona kwamba pande zote mbili zinatazama chombo tu na kusahau kumtazama anayekishika.

Nianze na jiko, kwa kuwa huko mkono una haki yake kamili. Mama yangu mzazi hakuwahi kupima chakula kwa mizani, na sikumbuki hata siku moja bugali wake ukifika mezani mbichi au wenye madonge. Alikuwa na sufuria ileile, mwiko uleule, na watu walewale wa kulisha. Alisikiliza maji, sauti yake ilipobadilika ndipo unga wa kwanza uliingia. Unga wa mihogo iliyoanikwa wakati wa kiangazi aliutilia maji zaidi kuliko ule uliokaushwa kwa shida wakati wa mvua, na tofauti hiyo aliijua kwa kuusugua unga kati ya vidole viwili. Chumvi ya maharagi ilikuwa ya vidole vitatu. Mboga za lenga-lenga zilihesabiwa kwa konzi, yaani kiasi ambacho kiganja kilichofumbwa kinaweza kukamata. Angepewa karatasi yenye gramu mia tatu za hiki na mililita mia sita za kile, ingemsaidia nini? Gramu hazijui kama unga umelala na unyevu.

Vipimo hivyo vina akili ndani yake, tena akili ambayo ni vigumu kuiandika. Tazameni mchele. Wapishi wengi huweka ncha ya kidole juu ya mchele na kumimina maji hadi pingili ya kwanza. Katika sufuria ya nyumbani, ambamo mchele una kina kidogo, maji hayo hutosha vizuri. Lakini kidole ni kipimo cha sufuria ya familia. Jaza mchele katika sufuria kubwa ya kambi, ile inayobebwa na vijana wawili, na kimo cha mchele kitaongezeka mara nne au tano, huku pingili ya kidole ikibaki vilevile. Mchele wa juu utatoka mgumu kama changarawe, na wa chini utaungua. Hapo si lazima kukimbilia lita. Inatosha kuchukua mkebe wowote, kupima mchele kwa huo, kisha kupima maji kwa huohuo, mikebe miwili ya maji kwa mmoja wa mchele, na kuongeza au kupunguza kidogo kwa kadiri mchele ulivyo mkavu. Ukubwa wa mkebe haujalishi. Jambo kubwa ni kwamba usibadilike katikati ya kazi.

Basi, jikoni anayepima ndiye anayeonja, na kwa kawaida ndiye anayekula. Akizidisha chumvi, ulimi wake ni wa kwanza kumshitaki. Sokoni hali ni nyingine. Kule mmoja hupima na mwingine hulipa, na mkebe uleule uliokuwa rafiki jikoni huanza kuwa na siri.

Nitaje siri hizo, maana kila mmoja wenu anatumwa sokoni. Unga uliochekechwa na kumiminwa polepole kutoka juu hubeba hewa nyingi. Gonga mkebe mara tatu chini, na utaona unga ukishuka kama udongo wa kaburi jipya. Maharagi hayashuki hivyo, lakini yana hila yake: muuzaji huzungusha mkono wake kwenye mdomo wa mkebe ili kilele kiinuke, na mzunguko huo waweza kuwa wa ukarimu au wa haraka. Tena uko mkebe wenyewe. Kitako chake kikigongwa kwa nyundo kutoka nje, huingia ndani na kula sehemu ya kile ulicholipia, ilhali kwa macho mkebe ni uleule.

Siku moja, katika soko ambalo sina haja ya kulitaja, msichana mmoja wa kundi letu alitia mkono ndani ya mkebe kabla ya kupimiwa. Vidole vyake vilikutana na mwinuko.

«Mama, mkebe wako una kitovu kikubwa,» alisema.

Watu walicheka, hata muuzaji mwenyewe. Kisha akajibu kwa sauti ya chini: «Mwanangu, na mimi nilipimiwa kwa wenye kitovu kuliko huu.»

Nimelifikiri jibu hilo kuliko mahubiri kadhaa niliyoyasikia. Mama yule hununua kwa mtu mwenye gari, naye hununua kwa mtu mwenye bohari au kwa mkulima asiye na barabara. Kila hatua ina mkebe wake au gunia lake, na kila gunia lina namna yake ya kushonwa mdomo. Kitovu huanzia mbali, nacho hukua njiani. Anayekutana nacho mwishoni ni yule asiyeweza kununua gunia zima. Hununua Guigoz moja leo na nyingine kesho kutwa, na kila mara hulipia kitovu upya.

Fungu lina siri ya aina yake. Nyanya, vitunguu, viazi vitamu na sambaza wa Ziwa Kivu huuzwa kwa mafungu au kwa sahani, na bei ya fungu hupenda kubaki palepale. Maisha yakipanda, nyanya sita huwa tano, kisha nne, na noti inayotolewa ni ileile. Kilo haiwezi kufanya hivyo. Ikipanda, inapanda hadharani, kila mtu anasikia na kunung'unika. Hata hivyo sitalisema fungu vibaya tu. Kwa fungu, mwenye noti moja mkononi anarudi nyumbani na mboga. Na baada ya kipimo huja ile nyongeza, matabisi kama wasemavyo wengine, nyanya moja au konzi ya maharagi inayodondoshwa mfukoni bila hesabu. Sijaona bado mizani iliyowahi kutoa nyongeza kwa hiari yake.

Wanaosoma Biblia watakumbuka kwamba mambo haya si mageni humo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, linakataza nyumba moja kuwa na efa mbili, kubwa na ndogo. Ni wazi kwamba walikuwako watu waliokuwa nazo. Nabii Amosi, sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wa nafaka waliopunguza kipimo na kuongeza uzito wa fedha. Na pale katika Luka sura ya 6, ambapo Bwana anasema juu ya kipimo kilichoshindiliwa, kikatikiswa, kikafurika, anataja matendo yaleyale ya mkono yanayoonekana sokoni kila asubuhi. Muuza unga akisikia somo hilo Dominika haitaji mfafanuzi. Nafurahi pia kwamba wafasiri wa Kiswahili walipotafuta neno la kipimo cha unga walichukua «pishi», kipimo cha pwani ya Afrika Mashariki chenye vibaba vinne. Sisi tulioipata lugha hii kupitia njia za misafara ya karne ya 19 tulipokea neno bila chombo. Vijana wetu wanasema haba na haba hujaza kibaba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukishika kibaba.

Sasa nije kwa kilo. Wale wanaoiita kipimo cha wazungu wangeshangaa kujua jinsi ilivyozaliwa. Nchini Ufaransa, kabla ya mwaka 1789, nafaka ilipimwa kwa kipimo kilichoitwa boisseau, na ukubwa wake ulibadilika kutoka mji hadi mji, hata kutoka shamba la bwana mmoja hadi la mwingine. Mkulima alilipa kodi kwa nafaka, na aliyepokea kodi ndiye aliyekuwa na chombo. Mfalme alipoitisha malalamiko ya watu mwaka 1789, vijiji vingi viliandika ombi moja: kipimo kiwe kimoja kwa wote. Wakulima hao, ambao wengi hawakujua kusoma, ndio walioomba. Wataalamu walikuja baadaye, na sheria ya Aprili 1795 ikaweka mita, lita na gramu. Na ili kipimo kisiwe mali ya bwana yeyote, uzito uliegemezwa juu ya maji: maji safi yanayojaza lita moja yawe na uzito wa kilo moja.

Lakini kilo ilipofika Kongo haikufika mikononi mwa mkulima. Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi 17 zilizotia sahihi mkataba wa mita mjini Paris tarehe 20 Mei 1875, na utawala wake ulikuja huku na mizani. Kilimo cha pamba cha lazima kilipoanza mwaka 1917, mizani ilikuwa ya mnunuzi, bei ilikuwa imepangwa na wakuu, na mkulima aliyebeba kikapu chake mwendo mrefu alisimama mbele ya sindano ambayo hakufundishwa kuisoma. Kipimo kilichoombwa na wanyonge wa nchi moja kiligeuka kuwa boisseau kwa wanyonge wa nchi nyingine. Kwa hiyo sishangai mzee akiangalia mizani kwa mashaka. Mkebe angalau anaweza kutia mkono ndani yake.

Yako mahali pengine ambapo sikubali mkono wala jicho peke yake, napo ni pale mwili wa mtu unapokuwa hatarini. Sisi wa Kivu tunakijua kipindupindu. Waliokuwa Goma mwezi wa Julai 1994 hawatakisahau. Mtu anayeharisha sana hufa kwa kukaukiwa maji, na dawa ya kwanza hutengenezwa jikoni: vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, katika lita moja ya maji safi. Vijiko hivyo visawazishwe kwa kisu, visiwe na kilele. Kile kilele cha ukarimu tunachokidai kwa muuza maharagi, hapa chaweza kumdhuru mtoto, maana chumvi ikizidi huutesa mwili uliokwisha kudhoofika. Na lita iwe lita. Katika nyumba nyingi chupa inayopatikana haraka ni ya bia, nayo kwetu ina sentilita 72. Anayeichukua kama lita na kutia sukari na chumvi ya lita nzima anatengeneza kinywaji kilichokolea kupita kiasi kwa zaidi ya theluthi. Vivyo hivyo kwa pakiti ya dawa ya maji inayotolewa katika kituo cha afya: imetayarishwa kwa lita moja kamili. Kila nyumba iwe na chombo kimoja kilichopimwa na kutiwa alama ya lita, na kila mtu wa nyumba ajue kilipo, maana ugonjwa huu hauna desturi ya kubisha hodi mchana. Kisha mgonjwa apelekwe kituoni. Maji hayo ni ya njiani.

Mfano mwingine unatoka Kwango, nao unanipendeza kuliko yote. Mihogo michungu ina sumu, na bibi zetu waliipima sumu hiyo kwa usiku: mihogo ilale majini usiku mara tatu, hadi ilegee inapobonyezwa kwa kidole. Njaa au haraka ya biashara ikipunguza siku hizo, watoto na wanawake hupatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafula na ambao hauponi. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kwa jina la Kiyaka, jina linalosema juu ya miguu iliyofungwa. Ilipotafutwa njia ya kuondoa sumu inayobaki katika unga, ilibidi iwe ya watu wasio na mizani. Njia iliyopatikana ni hii: mama anatia unga katika bakuli, anaweka alama ndani ya bakuli mahali unga ulipofika, anaongeza maji akikoroga; unga hushuka, kisha hupanda, naye huacha kuongeza maji unapoirudia alama. Kisha anautandaza juu ya mkeka kwa unene wa sentimita moja hivi, muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, na sumu inaondoka hewani. Jioni anapika bugali wake kama kawaida. Njia hiyo ilijaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, na wanawake wa huko waliishika. Waliibuni watu wa maabara, wanaopima kila siku kwa sehemu ndogo mno za gramu, nao walipofika kijijini walichagua bakuli la mama na alama ndani yake. Mama anaona kwa macho yake kama kipimo kimetimia.

Hilo ndilo ninalolitafuta katika kila kipimo, kiwe cha mababu au cha Paris: je, yule atakayeumia kikikosewa anaweza kukihakikisha mwenyewe?

Kambi ya mwisho ilikuwa na vijana 60 kwa siku nne, na fedha za chakula zilikuwa michango ya wazazi, noti ndogondogo zilizokunjwa. Kabla ya kwenda sokoni niliwaomba watengeneze mizani. Hawakuwa na mizani, nami sikuwa nayo. Walichukua fimbo iliyonyooka, wakaifunga kamba katikati na kuisogeza hadi ikalala sawa, wakaning'iniza mfuko kila upande, mifuko miwili ya aina moja. Upande mmoja waliweka chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyojaa. Upande wa pili waliweka chupa kama hiyo, tupu, ili plastiki isihesabiwe, kisha wakaanza kutia unga mpaka fimbo ikalala. Walikuwa wamepata kilo moja na nusu bila ruhusa ya mtu yeyote. Mvulana mmoja, aliyekuwa akidhani kwamba kilo hukaa dukani, aliinama akaitazama chupa ya maji kwa muda mrefu.

Baada ya hapo haikuwezekana kuwazuia. Walipima Guigoz ya maharagi, wakapima ya unga, wakabishana kwa sauti kubwa kwa sababu mkebe uleule ulikuwa mwepesi zaidi ulipojaa unga. Waligonga mkebe wa unga chini na kujaza tena pale uliposhuka. Wakaazima mikebe miwili kwa majirani wa parokia, mmoja mzima na mmoja wenye kitovu, na tofauti kati yake ilijaza kikombe kizima cha chai. Siku ya tatu, aliyekuwa zamu ya sufuria alikataa kabisa kutumia kidole kwa mchele. Lakini chumvi ya maharagi aliitia kwa vidole vitatu, akaonja, akaongeza kidogo.

Sokoni hawakugombana na mtu. Walitafuta mikebe yenye kitako kilichonyooka, na kwa mama mmoja aliyekuwa nayo walinunua maharagi yote ya kambi. Alipomaliza kuhesabu aliongeza konzi mbili, na vijana wakataka kuzipima nazo. Niliwakataza.

Msichana yule wa kitovu ndiye aliyeandika hesabu zote katika daftari la kambi: safu ya Guigoz, safu ya kilo, safu ya faranga, na pembeni, kwa herufi ndogo, vijiko sita na nusu kijiko kwa lita. Jalada lake limekwisha kupata doa la mafuta ya mawese. Liko katika sanduku la vyombo, chini ya miiko, pamoja na ile fimbo na kamba yake, na kundi litakalopika wakati wa Pasaka litavikuta humo.